Dirisha la Watu Wawili

Hadi leo kompyuta ikiganda, Dorsaf hakasiriki. Wanawe hupiga meza, hulaumu mtandao, huchomoa waya na kuuchomeka tena. Yeye hukunja mikono mapajani na kukitazama kioo kilichonyamaza, na uso wake hupata ule upole wa mtu aliyesikia ngoma ya harusi yake mwenyewe ikipigwa nyumba ya jirani.

"Mama, sasa unacheka nini?" humuuliza.

"Nangoja mtu amalize swali lake," huwajibu.

Hawamwelewi, naye hawalaumu. Ili kumwelewa ingewapasa wawe wamekaa katika ile ofisi ya mizeituni kwenye njia ya kwenda Gremda, mwaka ule wa mavuno makubwa, vinu vya mafuta viliposaga mpaka msimu ukapitiliza na mji mzima wa Sfax ukanuka maji meusi ya zeituni, hata mkate, hata nywele za watu.

Mondher Jelassi alifika mwaka huo kutoka Tunis na kompyuta mbili nzito kama masanduku ya bibi harusi. Alikuwa injinia kijana, mwembamba, mzaliwa wa Kef, kule milimani kwenye ngano na baridi, na alizungumza polepole kama mtu anayepanda ngazi. Alikuwa ametumwa kusaidia kukitoa kitabu cha wakulima: namna ya kupogoa mzeituni, namna ya kumjua nzi wa zeituni kabla hajaharibu tunda, namna ya kuhifadhi mafuta. Dorsaf Karray ndiye aliyekuwa mjuzi wa mizeituni. Mondher alikuwa mjuzi wa mashine. Juu yao wote wawili alikuwa Mzee Sadok Ghorbel, mkuu wa ofisi, ambaye pia alikuwa mjomba wa Dorsaf, kaka wa mama yake.

Mzee Sadok alipoona kompyuta moja inawekwa pembe hii na nyingine pembe ile, aliwaita wachukuzi wakaiburuta meza yake mpaka katikati ya chumba.

"Meza yangu inapenda mwanga," alisema.

Mwanga ulikuwa upande mwingine kabisa. Hakuna aliyemkumbusha. Basi akakaa hapo katikati kila siku, na gazeti lake na gilasi yake ya chai yenye lozi zikielea juu, na kijana akitaka kumtazama binti ilimbidi macho yake yapite juu ya kichwa cheupe cha Mzee Sadok.

Wiki za mwanzo walifanya kazi kila mtu na nakala yake. Dorsaf alisahihisha sura ya kupogoa. Mondher naye akaipanga sura ile ile. Jioni kazi ya mmoja ikaifunika kazi ya mwenzake kama mchanga. Mzee Sadok alisoma karatasi zilizochapwa, akazitupa mezani.

"Jana mlisema tawi likatwe baada ya mavuno. Leo mnasema kabla. Mkulima afanye nini, akate na kuligundisha tena? Nataka kitabu kimoja, si mapacha wanaogombana."

Kesho yake Mondher alisimama kwenye pembe yake, akaongea kwa heshima juu ya kichwa cha mzee.

"Bi Dorsaf, naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya kufungua dirisha kwenye kompyuta yako. Programu itakuwa inafanya kazi kwangu, lakini kurasa zitaonekana kwetu sote, na sote tutaandika humo humo. Ila mashine yangu haiwezi kuingia kwako mpaka wewe mwenyewe uifungulie mlango."

"Na nikikataa?"

"Nitabaki nje."

Gazeti la Mzee Sadok lilitikisika. "Mfungulie, binti yangu. Ni kazi."

Dorsaf aliandika amri aliyotajiwa. Mara kwenye kioo chake likafunguka dirisha jeupe, na ndani yake kile kitabu, kile kile hasa, si nakala yake. Alibonyeza herufi moja ikatokea. Akainua macho akaona Mondher anatabasamu, kwa sababu herufi ile ilikuwa imetokea na kwake, wakati ule ule, kama watu wawili wanaochungulia kisima kimoja kutoka kingo mbili.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Asubuhi Mondher akifika hukaa, hupangusa miwani, husema, "Hodi." Dorsaf naye huandika amri yake ya ruhusa, husema, "Karibu." Mzee Sadok hugeuza ukurasa wa gazeti.

Yale mengine yalianzia kwenye lozi. Siku moja Dorsaf alikuwa akisoma mwisho wa kitabu, chini ya mstari wa mwisho kabisa unaosema mafuta yawekwe mbali na jua, na hapo chini herufi zikaanza kujitokeza zenyewe, moja baada ya nyingine: "Chai ya Mzee ina lozi. Yetu haina. Hii ni haki?"

Aliuma mdomo. Akaandika: "Lozi ni za wakubwa."

"Basi nitazeeka haraka."

Kabla ya chakula cha mchana waliyafuta yote. Lakini kuanzia hapo, chini ya kitabu cha wakulima, pakawa na kibustani kilichopandwa kila asubuhi na kung'olewa kila jioni. Kwa mdomo walizungumza habari za mizizi, mbolea na wadudu, kwa sauti za kiofisi kabisa. Kwa vidole walizungumza mengine.

Na hapo ndipo Dorsaf alipojifunza jambo ambalo barua haina wala simu haina. Barua hufika ikiwa imeshajipamba. Lakini katika dirisha lile aliona maneno ya Mondher yakizaliwa. Aliona pale anapokimbia na pale anaposita. Aliona anaandika "wewe ni", anafuta, anaandika "kazi yako ni nzuri". Na alijua kwamba naye anaonwa vivyo hivyo, kwamba hata neno alilolifuta limekwisha kusomwa. Hapakuwa na pazia. Mwanzoni ilimtia haya. Baadaye ikawa ndiyo sababu ya kuamka mapema.

Dirisha lilikuwa na sharti moja gumu. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja ambamo programu yenyewe ilizungumza. Ukiiambia ihifadhi kazi, ikuchapie, ikutafutie neno, iliuliza swali lake hapo chini na kungoja. Na ilipokuwa inamngoja mmoja, kibodi ya mwingine ilikufa. Unaweza kubonyeza kibodi mpaka vidole viume, hakuna herufi itakayotokea, mpaka mwenzako amalize swali lake. Mara ya kwanza Dorsaf alidhani mashine imeharibika. Mondher akaja na dawa: kabla ya kuita swali lolote atakohoa, ili Dorsaf amalize sentensi yake kwanza na ainue mikono.

Kikohozi hicho Mzee Sadok alikisikia.

"Wewe mtoto wa Kef, kifua chako kina nini? Baridi ya milimani imekufuata mpaka kwetu?"

"Ni vumbi tu, Mzee."

"Vumbi la Sfax halikohozi watu. Ngoja."

Akatoa kabatini chupa ya mafuta ya zeituni ya mwaka huo, ya kijani, makali yanayokwaruza koo, akammiminia kikombe kizima, akasimama mbele yake mpaka kikaisha. Dorsaf aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta kalamu. Kutoka siku hiyo Mondher alikunywa kikombe cha mafuta kila asubuhi, kwa ajili ya ugonjwa asiokuwa nao, na hakulalamika hata siku moja.

Nyumbani, Bi Mahbuba, mama yake Dorsaf, alikuwa na macho yake. Jioni moja wakichambua zabibu kavu, alisema bila kuinua kichwa:

"Injinia wenu huyo, nasikia kwao ni Kef."

"Ndiyo, mama."

"Watu wazuri. Mbali."

"Kuna treni na kuna basi, mama."

"Sikusema mbali ya treni. Mtu wa kule anajua nini sisi tunachokula siku ya Idi? Watu wale wanamwaga tende na lozi juu ya nyama ya kondoo na kuita chakula."

"Na sisi tunakula samaki wa chumvi na zabibu."

"Hiyo ni dawa ya tumbo." Bi Mahbuba alitupa kikonyo pembeni. "Mama yake Nabil Triki alinisimamisha sokoni. Wanataka kuja kuposa Ijumaa. Watu wa hapa hapa, tunajua mpaka kaburi la babu yao. Siku ya harusi utaruka samaki, kama desturi yetu ilivyo, na mume anayejua samaki. Huyo wa milimani hajui hata kichwa kiko upande gani."

Dorsaf aliendelea kuchambua zabibu. Binti wa Sfax huolewa na mtu wa Sfax; ndivyo walivyokuwa wakisema, na waliosema hawakuwa watu wabaya. Bi Mahbuba alikuwa amemlea peke yake tangu ujane, na hofu yake ilikuwa moja tu: kubaki na nyumba tupu.

Basi ikaja siku ya mwisho. Kitabu kilikuwa kimekwisha, dereva wa kiwanda cha uchapaji angekuja kuchukua karatasi kabla ya adhuhuri, na Mondher alikuwa na tiketi ya treni ya alasiri kurudi Tunis. Mkoba wake ulikuwa chini ya meza. Ilikuwa Jumatano.

"Hodi," alisema asubuhi, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Karibu," Dorsaf alisema, akaandika ruhusa. Akawaza kwamba huenda ndiyo ya mwisho, na vidole vikachelewa juu ya kitufe.

Walipitia sura ya wadudu. Mzee Sadok alikuwa katikati, chai mkononi.

"Bi Dorsaf," Mondher aliuliza kwa sauti, "nzi huyu tumesema anataga wakati tunda likiwa gumu?"

"Likianza kulainika. Andika likianza kulainika."

"Anangoja lilainike," Mzee Sadok alisema kutoka nyuma ya gazeti. "Ana akili kuliko watu wengi."

Na wakati huo huo, chini, mwisho wa kitabu, herufi zilianza kutembea.

"Ijumaa wanakuja kina Triki?"

"Nani kakwambia?"

"Mji wenu ni mkubwa lakini soko ni moja."

Dorsaf aliandika: "Wanakuja."

Kialama cha Mondher, kile kijistari cha kuandikia, kilisimama, kikimweta. Alikitazama kama mtu anavyotazama kifua cha mgonjwa, kuona kama kinapanda. Kisha maneno yakaja moja kwa moja, bila kusita hata mahali pamoja, na alijua kwamba maneno yanayokuja hivyo yalikwisha kuandikwa na kufutwa kichwani mara nyingi.

"Mama yangu yuko tayari kuja kwenu kesho. Nimtume?"

Sauti ya chai ya Mzee Sadok ikinyonywa ilijaza chumba.

Dorsaf aliandika: "Nd". Akafuta.

Aliandika: "Ha". Akafuta.

"Nimeona," Mondher aliandika.

"Hujaona kitu. Nimefuta."

"Nimeona kabla hujafuta."

"Basi umeona yote mawili, na hujui lolote."

"Ndiyo maana nauliza."

Alitaka kumweleza. Kwamba neno lile si la kumjibu yeye peke yake. Kwamba mwanamke wa Kef akibisha mlango wa Bi Mahbuba na yeye binti ndiye aliyemwita, itakuwa vita katika nyumba ya watu wawili tu, mahali pasipo na wa kuamua. Kwamba akikaa kimya, Ijumaa itajiamulia yenyewe. Aliandika "Mama yangu", akafuta. Aliandika "Naogopa", akaliacha.

Mondher hakuandika kitu. Lakini kialama chake kilikwenda taratibu mpaka mwisho wa lile neno, kikasimama ubavuni mwake. Ilikuwa kama mtu anayeketi karibu nawe bila kusema.

"Mbona kimya?" Mzee Sadok aliuliza.

"Tunasoma, mjomba."

"Someni basi. Nilidhani mmekufa."

Saa zilikwenda. Walimaliza sura ya wadudu, wakamaliza ya mafuta. Nje honi ikalia. Dereva wa kiwanda alikuwa amewahi. Na ni hapo, kelele za honi zikiwa bado hewani, ambapo moyo wa Dorsaf uliamua. Hakujua kwa nini hapo na si dakika nyingine. Labda ni kwa sababu aliuona mkono wa Mondher unashuka kuvuta mkoba. Alijisemea: vita nitapigana, lakini nyumba tupu nitakayoikuta moyoni siiwezi. Akashusha mikono kwenye kibodi.

"Injinia," Mzee Sadok aliita ghafla, akasimama, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Mondher. "Chapa. Mtu anangoja."

Mondher alishtuka. Vidole vyake, kwa mazoea ya miezi yote ile, vilikwenda vyenyewe kwenye amri ya kuhifadhi. Na hakukohoa.

Dorsaf alibonyeza. Hakuna herufi. Akabonyeza tena. Chini ya dirisha programu ilikuwa imeuliza swali lake: *Kazi ihifadhiwe? Ndiyo au hapana.* Ilikuwa inamngoja Mondher, na kibodi ya Dorsaf ilikuwa imekufa mikononi mwake.

Mondher naye aliona alichokifanya, rangi ikamtoka. Juu ya swali la mashine lilikuwa bado limeandikwa swali lake mwenyewe, wazi, pamoja na lile "Naogopa". Akijibu ndiyo, maneno hayo yatahifadhiwa yakiwa ndani ya kitabu, na mzee yuko begani akisubiri karatasi. Angeweza kulibatilisha swali la mashine kwa vidole viwili, lakini kitu cha kwanza ambacho kingempasa baada ya hapo, mbele ya macho ya mjomba wa binti, ni kulifuta swali lake kabla halijajibiwa. Kisha printa, kisha dereva, kisha treni. Alibaki na mikono hewani kama mtu aliyeshika sahani inayomwagika.

Akamtazama Dorsaf. Mara hii hakuna kichwa kilichokuwa katikati. Kiti cha Mzee Sadok kilikuwa kitupu. Kwa miezi yote ile walikuwa wamejuana kwa herufi, na sasa ni macho tu, chumba kizima, kutoka pembe hadi pembe.

"Jibu basi," Mzee Sadok alisema. "Mashine inakuuliza."

Mondher aliendelea kumtazama Dorsaf.

"Mondher," Dorsaf alisema.

Hakuwa amewahi kumwita hivyo kwa mdomo. Alikuwa Bwana Mondher, alikuwa Injinia. Jina lile tupu lilitua chumbani kama gilasi iliyowekwa kwa kishindo.

"Mwambie mama yako aje kesho," alisema. "Aje mchana. Mama yangu huwa hana hasira akishakula."

Honi ikalia tena nje. Hakuna aliyeisikia. Dorsaf alikuwa anamtazama mjomba wake. Alikuwa amelisema mbele ya mtu wa mwisho duniani ambaye alitaka alisikie.

Mzee Sadok alijipapasa mfuko wa shati, akatoa miwani, akaiangalia, akairudisha mfukoni bila kuivaa.

"Leo hukukohoa," alimwambia Mondher.

"Samahani, Mzee?"

"Nasema leo hukukohoa. Kila siku unakohoa, vidole vya huyu binti vinanyamaza, halafu mashine inafanya kazi yake. Leo umepona ghafla. Mafuta yangu ni mazuri, lakini si mazuri kiasi hicho."

Mondher alishusha mikono mapajani.

"Mnadhani mimi nasoma gazeti," Mzee Sadok aliendelea. "Gazeti nalimaliza kabla chai haijapoa. Baada ya hapo nakaa nawasikiliza. Watu wawili wakiandika kitabu, kila mtu anapiga kibodi yake kama mvua. Nyinyi mmoja anapiga, ananyamaza. Mwingine anapiga, ananyamaza. Hayo ni mazungumzo, wanangu. Mimi sijui mashine, lakini nimeoa, na mwanamke niliyemwoa alikuwa jirani yetu, akinigongea ukuta kwa kipini cha kisu nami nikimjibu. Sauti ni ile ile."

"Mjomba," Dorsaf alisema. "Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo."

"Kwa nini unadhani meza yangu iko katikati? Ningetaka kuwatenganisha ningempeleka huyu chumba cha mbegu. Nilikaa hapa ili mama yako akiniuliza kama mlikuwa peke yenu, niape kwa uso mkavu kwamba hamkuwa."

Akamgeukia Mondher. "Hapo chini mmeandika vitu. Sijui ni nini na sitaki kujua. Vifute. Mkulima wa mzeituni hana haja navyo. Halafu chapa. Na tiketi yako kaibadilishe. Mtu haendi Tunis siku ambayo mama yake anatakiwa Sfax."

"Na mama?" Dorsaf aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa limebaki.

Mzee Sadok alirudi kitini pake, akakaa kwa uzito wa umri wake wote.

"Mahbuba ni dada yangu mdogo. Anaogopa kubaki peke yake, basi. Hajali Kef wala Sfax." Akamtazama kijana. "Ofisi hii itahitaji mtu wa mashine hata kitabu kikiisha. Unaweza kuishi mahali ambapo watu wanakula samaki wa chumvi na zabibu?"

"Mzee," Mondher alisema, "nimekunywa mafuta yako msimu mzima."

Mzee Sadok alicheka mpaka lozi zikatikisika kwenye gilasi.

Bi Mahbuba hakucheka siku ile, wala wiki ile. Mama yake Mondher alikuja na sahani ya kwao, nyama ya kondoo na tende juu yake, na sahani hiyo ilikaa mezani Alhamisi nzima bila kuguswa. Usiku Dorsaf aliamka kunywa maji, akaikuta imepungua pembeni, upande wa tende. Akaifunika tena. Kina Triki walipelekewa salamu na samahani. Na siku ya harusi, samaki mkubwa alipolazwa chini na majani ya limau, Mondher alisimama upande wa mkia, tayari kuruka, akiwa na fahari kubwa. Bi Mahbuba ndiye aliyemshika mkono, akamzungusha mbele ya wageni wote mpaka upande wa kichwa.

"Nilisema," alinong'ona. Lakini mkono hakuuachia upesi.

Hayo yote yamepita. Mzee Sadok na dada yake wamelala makaburini, karibu karibu. Zile kompyuta mbili ziliuzwa kwa uzito wa chuma. Siku hizi mtu yeyote anaandika pamoja na mtu yeyote, hata awe ng'ambo ya bahari, kumi kwa pamoja, kila mmoja na kialama chake chenye rangi, wote wakipiga kama mvua. Hakuna anayemngojea mwenzake amalize swali. Dorsaf anaona ni maendeleo, na moyoni anaona kuna kitu kimepotea.

Masikio ya Mondher yamekwenda. Yalianza kwa sauti za ndege, yakaja kwenye simu, sasa hata sauti ya mkewe hayaipati mpaka apige kelele, na Dorsaf hakuumbwa kwa kelele. Basi mwana wao mkubwa aliwawekea ukurasa mmoja kwenye kompyuta zao mbili. Mondher hukaa barazani chini ya mlozi, Dorsaf jikoni, na ukurasa uko wazi siku nzima kati yao.

Leo asubuhi Dorsaf alikuwa akichambua zabibu za Idi alipoona kialama kimeingia, kikasimama.

"Hodi," kiliandika.

Akajifuta vidole kwenye aproni. "Karibu."

"Chai ipo?"

"Ipo."

"Yenye lozi? Nimeshazeeka."

Dorsaf alitazama nje kupitia mlango. Aliona kisogo cha mumewe, cheupe sasa, kimeinamia kioo, kinangoja, kama kilivyokuwa kikingoja zamani upande wa pili wa gazeti. Akaandika, taratibu: "Nd". Akafuta. Akaandika: "Ha". Akafuta. Akakunja mikono.

Kule barazani mabega ya Mondher yalianza kutikisika kwa kicheko. Kisha herufi zikaja, moja moja, bila haraka yoyote:

"Nimeona kabla hujafuta."